Miguu ya Soksi Yakubaliwa

Benchi liko nje ya duka la kinyozi, mjini Duluth, Marekani, upande wa jua, na asubuhi za Julai wazee watatu hulikalia na birika lao la kahawa. Wote walipigana Korea, ule msimu wa baridi ambao buti ziliganda miguuni. Delbert Haugen wanamwita Soksi, maana huvaa jozi mbili hata joto likichoma. Verlyn ni Jaji. Aliwahi kuitwa mahakamani siku moja kusikiliza kesi. Milo ni Redio. Huyo hazimwi.

— Ofisi ya wanajeshi wastaafu wamekubali, Soksi alisema, akijaribu kutotabasamu. Wamesema ganzi na vidonda hivi ni vya vitani. Nitatibiwa, na viatu vya kipimo changu juu.

— Si walikukatalia? Jaji akauliza.

— Walitaka cheti cha hospitali. Hospitali gani kule mlimani? Safari hii Orrin, tuliyekuwa naye kikosini, kanitolea ushahidi. Ndiye aliyeweka nyayo zangu tumboni mwake zipate joto.

— Ushahidi wapi, Redio akadakia. Uchaguzi huo. Wanatafuta kura za wenye miguu.

— Kila mtu ana miguu, bwana.

— Ndiyo maana ni kura nyingi.

— Wanataka kumchunguza, Jaji akasema. Wajue vita vijavyo vya barafuni wapiganeje. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Vidole, ndugu yangu. Kimoja kimoja.

— Hamjui kitu, Redio akasema. Ile baridi ni mali ya jeshi. Huyu kakaa nayo mifupani miaka yote hii bila ruhusa, sasa wanakuja kuichukua. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Soksi alicheka hadi kahawa ikamwagikia mguuni. Hakuhisi.

Ardis, mama aliyehamia ng'ambo ya barabara wiki hiyo, alikuwa amesimama na mbwa wake akisikiliza. Akawatazama miguuni, mmoja mmoja.

— Na nyie wawili, wazee wangu, mliomba lini?

Redio alizimika. Jaji akachungulia kikombe chake. Soksi alijua wanavyochechemea wakiinuka. Miaka yote alikuwa akitafuta namna ya kuwauliza, asiipate. Akawamiminia kahawa iliyobaki, nusu kwa nusu.

— Jumatatu naenda kupimwa viatu, alisema. Gari lina nafasi.

Wakanywa, jua likiwapiga magotini. Mwishowe Redio akakohoa.

— Mimi nakaa mbele.