Aliyelipa Deni Lililofutwa

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wa marehemu, niliyemfuata kuzaliwa. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu wa dada yetu kwa sababu wengine wote walisema watalia. Mimi pia nitalia, lakini nitasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mkunga, katika vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, hata baba akampima kwa rula ya kazini. Mama hakumsamehe baba kwa hilo, maana rula ilikuwa na gundi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1983. Hesabu zilimpiga chenga, hatutadanganya mbele ya jeneza. Kwenye ushonaji lakini hakuwa na mpinzani, na mwalimu wake ndiye aliyempeleka chuo cha ufundi, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1985.

Aliajiriwa kwenye duka la vitambaa, na mwaka 1998 akafungua karakana yake ya mapazia. Alishonea ofisi, zahanati na nyumba za watu wenye madirisha marefu kuliko mlango wetu. Kwake mwenyewe, mapazia yalining'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kwa kuwa mwenye nyumba alikataza kutoboa ukuta. Siku moja mteja alimtembelea akashangaa: "Fundi, haya ndiyo mapazia yako?" Akamjibu, "Hayo ya mwenye nyumba. Yangu yako kwako."

Tarehe 8 Desemba 1990 aliolewa na shemeji yetu, fundi bomba. Walikutana dukani. Shemeji aliitwa kuziba bomba, akalowesha marobota mawili ya kitambaa, na dada akamfokea mpaka wateja wakatoka nje. Kesho yake shemeji akarudi, eti kuangalia kama bomba bado linavuja. Halikuvuja. Akarudi tena keshokutwa. Walijaliwa watoto wawili wa kike.

Sasa niseme jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka lisemwe, tena lisizungushwe. Mwaka 2008 alikopa benki akanunua cherehani za umeme ili ashone mapazia ya hoteli mpya. Kazi ilipoisha, mwenye hoteli akaingia mitini. Dada alilipa miezi michache, akakwama. Simu ya benki ikilia, anaifunika kwa kitambaa na kuendelea kushona. Kisha mwaka 2012 ofisa mmoja akamwambia, "Mama, deni lako limefutwa vitabuni." Jamani! Alipiga vigelegele katikati ya karakana, akanunulia mtaa mzima soda. Mimi nilikunywa mbili.

Mwaka 2015 mama yetu alifariki akiwa anauguzwa kwa dada. Waombolezaji walipofika, mwenye nyumba alisimama getini akasema hakuna kufunga turubai, hakuna kukaa uani, watu watamharibia maua. Mama yetu akaliliwa karakanani, katikati ya marobota, wengine wamekalia cherehani. Dada alinishika mkono akaniambia, "Mimi nitaliliwa kwangu. Sitamwombea mtu ruhusa ya kufa." Tangu hapo hakutaka kingine. Alitaka nyumba.

Akaenda benki nyingine kuomba mkopo wa nyumba, amevaa gauni lake la harusi za watu. Ofisa wa mikopo, binti mpole, alitazama kompyuta, akamtazama dada, akaitazama tena kompyuta.

"Mama, jina lako limechafuka. Kuna deni la mwaka 2008."

"Hilo lilifutwa mwanangu. Niliambiwa kwa simu."

"Kufutwa si kusamehewa, mama. Wao wamelitoa kwenye hesabu zao. Kwako bado lipo."

Dada akauliza, "Kwa hiyo nilinywesha watu soda bure?"

Alirudi akacheka hadi akalia, kisha akalia bila kucheka. Shemeji akamwambia, "Mke wangu, deni limelala. Unaliamsha la nini?" Akamjibu, "Limelala mlangoni kwangu, nitaingiaje ndani?" Wiki hiyohiyo alikwenda mwenyewe benki ya zamani kudaiwa. Mhudumu alidhani amepotea njia. Walikubaliana alipe kidogo kila mwisho wa mwezi. Alienda kwa uaminifu kiasi kwamba mlinzi alimwuliza yuko idara gani.

Alianza na madeni madogo, la duka la nyuzi na la simu, yalipoisha akaelekeza nguvu zote kwenye lile kubwa. Katika taarifa zake za mikopo alikuta pia deni la redio ambayo hakuwahi kuinunua. Alilipinga, akafuatilia, likaondolewa. "Yangu nitalipa yote," alisema, "ya watu sibebi." Miaka hiyo hakununua hata kiatu kwa mkopo. Ukimwomba akudhamini, anakukaribisha chai, unaondoka umeshiba na hujadhaminiwa. Hapa wapo mashahidi, wasijifiche.

Mwaka 2019 alipewa barua ya kumaliza deni. Lakini binti yule wa mikopo alimweleza kwamba jina lililochafuka haling'ai siku moja. Basi akajiunga na chama cha akiba na mikopo, akakopa kidogo, akarudisha kabla ya tarehe, akakopa tena, akarudisha tena, huku akiweka akiba. Tarehe 12 Machi 2021, siku ya Ijumaa, alikabidhiwa ufunguo wa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule, sakafu ikiwa bado mchanga mtupu. Nusu ya bei aliitoa mwenyewe, nusu ilikuwa mkopo. Siku hiyo alimnyang'anya shemeji mashine ya kutobolea akatoboa kila ukuta, hata pasipokuwa na dirisha. Shemeji alibaki kumwangalia tu.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa kwa muda mrefu, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana alikuwa akikosoa mapazia ya wodi. Juni 2024, akiwa kitandani, alimtuma kifungua mimba wake kupeleka rejesho la mwisho la nyumba. Binti alitaka kwanza kumletea chai. "Chai itanisubiri," akasema. "Nenda kalipe." Alipoletewa risiti aliilalia. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi za maisha yangu.

Dada yetu alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, nyumbani kwake. Wiki hii nzima tumemlilia uani kwake, turubai limefungwa, na maua tumeyakanyaga tulivyotaka.

Ameacha mume, mabinti wawili, mmoja muuguzi na mwingine fundi anayeendesha karakana, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na wateja wengi ambao watafunika madirisha kwa mashuka hadi mwanawe amalize foleni.

Aliniagiza niulize jambo moja mbele yenu, kisha ninyamaze watu wapate nafasi ya kujibu. Kama yupo anayemdai marehemu, iwe benki, duka au jirani, asimame sasa. Asione haya.

Mstari unaofuata niliuandika jana, kabla sijauliza, kwa kuwa namjua dada yangu.

Hakuna aliyesimama, dada. Pumzika kwa amani.