Bi Kaakwanza, Fundi wa Kompyuta za Majumbani, Anatuaga

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa Juni, Bi Kaakwanza anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya kompyuta kwa miaka ishirini na sita. Msimamizi ameniomba mimi, bibi wa usafi na chai, niandike haya kwenye jarida letu, kwa kuwa ndimi pekee niliyebaki kati ya waliompokea siku ya kwanza. Nimekubali. Atakayeyaona maneno yangu makali alifunge jarida akafanye kazi.

Alianza na brashi, kufuta vumbi ndani ya mashine. Baadaye akashika bisibisi, akajifunza kuchomelea, kisha wakubwa wakamtupia kazi za majumbani kwa sababu hakuna fundi aliyezitaka. Kompyuta ya ofisini unaikuta mezani, imetulia. Ya nyumbani unaikuta imebanana na friji, waya zimepita chini ya kapeti, na watu watano wanakueleza kwa pamoja jinsi ilivyoharibika, kila mtu na lake. Bi Kaakwanza alizipenda nyumba hizo, sijui kwa nini. Mimi ningemfukuza mtu.

Jina lake hilo alilipata kazini. Akifika kwa mteja haigusi mashine. Anavuta kiti, anaomba maji ya kunywa, anamwambia mwenye nyumba: kaa kwanza, fanya kama unavyofanya kila siku. Halafu anatazama tu, mdomo umefungwa. Vijana wa karakana walimcheka sana, wakasema huyu mama anakwenda kwa watu kupumzika. Lakini kuna nyumba walishaamua kompyuta yao ina shetani, maana ilizimika mama tu akiigusa, baba akikaa inawaka vizuri. Bi Kaakwanza akamkalisha mama, akatazama, akaona goti lake linausukuma waya wa umeme uliolegea kwenye soketi. Baba ni mfupi, goti halifiki. Shetani akatoka hivyo, bila ubani.

Sasa niseme la kwangu, maana hilo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Kaka yangu mkubwa anaishi peke yake tangu mkewe alipofariki. Ana kompyuta sebuleni, na kila Jumapili anaongea nayo na mjukuu wake aliye mbali, wanaonana sura. Ghafla ile kompyuta ikaanza vituko. Inaunguruma, inaganda, inazimika mtoto akiwa katikati ya maneno. Mwanawe wa kwanza akaja kuitazama, ikafanya kazi mchana kutwa. Ikaletwa hapa karakanani, ikakaa siku kadhaa inawaka bila kukohoa. Ikirudi kwa mzee, inazimika.

Wanawe wakaanza kutazamana. Wakasema baba anabonyeza ovyo, baba anasahau, labda hata haizimiki, anaota tu. Kutoka hapo wakafika mbali: wakakubaliana ahamie kwa mkubwa na nyumba yake ifungwe. Nilipofika nikakuta vyombo vya jikoni vimeshaingizwa kwenye maboksi, na kaka yangu amekaa kitini kama mgeni kwake mwenyewe. Mimi ni shangazi yao, niliwasema mpaka sauti ikakauka. Wakanijibu kwa adabu kwamba shangazi nawe umezeeka. Nikaenda kumleta Bi Kaakwanza.

Akavuta kiti. Akaomba maji. Akamwambia kaka yangu akae na ampigie mjukuu wake. Mwanawe mkubwa akasimama mlangoni anatazama saa. Mtoto akatokea kwenye skrini, akaanza kumweleza babu habari za jino lililong'oka, na kabla jino halijafika mwisho mashine ikaunguruma, ikazimika. Kaka yangu hakugeuka. Alisema polepole, kama anayeomba radhi: “Mmeona? Sijagusa kitu.”

Bi Kaakwanza akanyoosha mkono, akaugusa ubavu wa lile kasha la kompyuta. Lilikuwa la moto kama pasi. Juu yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kizito, kimeshuka mpaka nyuma, kimeziba matundu yote ya kutolea joto. Mwanawe kila akija kutengeneza alikiondoa kwanza, akakikunja pembeni. Karakanani haikuja nacho. Akibaki peke yake, kaka yangu anakirudisha na kukinyoosha vizuri, kwa sababu alikifuma mkewe, na aliona hapo ndipo mahali pa heshima.

Fundi mwingine angekinyofoa akacheka. Bi Kaakwanza aliuliza nani kafuma kazi nzuri hivi. Kaka yangu akamsimulia habari za wifi yangu, yote, na yeye akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akamwita yule wa mlangoni, akamwekea mkono palepale penye moto, akamwambia kwamba baba yako amekuwa akikuambia kweli kila mara, mashine ilikuwa inakosa hewa. Kisha akakishika kile kitambaa kwa mikono miwili na kukitandika kwenye mgongo wa kiti cha mzee, aegemee.  Yule mpwa wangu akaenda jikoni, tukasikia sahani zinarudi kabatini.

Kaka yangu yupo kwake mpaka leo, anafungua mlango wake mwenyewe kila asubuhi.

Sitamsifu kupita kiasi, atavimba kichwa. Ameniharibia vikombe kwa kuvitia skrubu, na anapochomelea huimba vibaya mpaka nafunga dirisha. Lakini aliyetutumikia hivi nitamwambia mbele ya wote: asante, mdogo wangu.

Nenda kapumzike. Na siku utakapokuwa mzito wa mikono, na watu wa nyumbani mwako wana haraka, Mungu akupe mtu wa kuvuta kiti na kukutazama kwa utulivu kabla hajasema umekosea. Uzee wako uwe mwema, na uwe kwako.