Punje Tano za Mbaazi za Seño Nubia

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Seño Nubia Cantillo ("Seño" ndivyo tunavyomwita mwalimu wa kike hapa) anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha insha za maoni za Kiingereza katika taasisi yetu hapa Barranquilla. Aliyeombwa kuandika wasifu huu ni mimi, Éder wa fotokopi, niliyeacha shule darasa la nane. Yoselín, mwalimu mwenzake, hakuombwa. Sentensi hiyo isomeni mara mbili.

Seño aliingia kazini na kopo la biskuti lililojaa mbaazi kavu, na wenzake wakadhani ni chakula chake cha mchana. Jiji hili hatujui kusema kidogo: kila samaki wetu ni papa, kila shangazi aliwahi kuwa malkia wa kanivali. Watahini wa Kiingereza hawanunui maneno hayo. Basi kabla ya insha, Seño humwekea kila mwanafunzi punje tano mezani. Ukiandika "huenda", "inaelekea" au "kwa watu wengi", unamsogezea punje moja. Zikiisha, sentensi zinazobaki ziwe zile unazoweza kuziapia mbele ya bibi yako.

Mimi pia nilikuwa mwanafunzi wake, na nilikuwa narudisha zote tano bila kuzitumia, kifua mbele. Insha yangu ya kwanza ilisema kila mtu duniani anapenda kanivali. Seño akavua miwani.

"Éder, mwanangu, mimi siipendi. Inaniumiza kichwa. Haya, huyo 'kila mtu' wako ameshakufa. Tumzike?"

"Seño, wewe huhesabiki. Wewe ni mwalimu!"

Darasa lilicheka mpaka muuza arepa, vile vimkate vya mahindi, akachungulia dirishani. Fomu yangu ya mtihani, ambayo haipokelewi bila sahihi ya mwalimu, hakuitia sahihi mwaka huo, wala mitatu iliyofuata.

Yoselín Polo alikuwa na ugonjwa wa upande wa pili. Punje zake zilikwisha kabla ya aya ya kwanza kwisha; kila alichosema alikifunika blanketi.

"Binti, hii ni supu ya mbaazi isiyo na mbaazi," Seño alimwambia. "Wewe mwenyewe unaamini nini?"

Akalia, akajifunza. Mwaka uliofuata alitumia punje tatu tu, palepale asipokuwa na hakika, na alipokuwa na hakika akapigilia msumari. Akaongoza darasa. Sasa ni mwalimu, ana kiti cha ofisi chenye magurudumu, na Jumatatu iliyopita Seño alimkabidhi lile kopo mbele yetu sote. Mimi nilikuwa pembeni nabadilisha wino wa mashine ambayo haikuhitaji wino.

Miaka minne nimelifuta vumbi kopo hilo! Panya walipokula mbaazi, nani alikimbia sokoni kununua nyingine? Si Yoselín, na kucha zake zile.

Seño aliniona. Pole hakunipa. Alihesabu punje tano, akaziweka juu ya mashine ya fotokopi pamoja na fomu yangu ya mtihani wa Juni.

"Niandikie wasifu wangu. Ukizitumia vizuri, sahihi yangu ya mwisho ni yako."

"Na nikizirudisha zote, Seño?"

"Utaendelea kutoa fotokopi, mwanangu. Wino si unao?"

Haya, hesabuni nami. Huenda amefundisha watu elfu sita; madaftari ya zamani yalichukuliwa na mafuriko, kwa hiyo punje ya kwanza hiyo. Inaelekea hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Ya pili, kwa sababu shahidi ni mlinzi wetu wa zamani, naye alikuwa akilala. Kwa walimu wengi wa hapa, yeye ndiye aliyewaonyesha kusahihisha kazi bila kumkata mtu maini. Ya tatu, wawili walikataa kuulizwa. Na huenda Yoselín anastahili kopo. Ya nne, na hiyo niliisogeza kwa kidole kimoja kama inayochoma.

Sentensi hiyo imeninyima raha tangu asubuhi. Seño alitufundisha kuwa "huenda" ni ya jambo usilolijua. Ukiificha humo kweli unayoijua, umeiba punje. Nami najua. Jumanne, nikipeleka karatasi, nilimkuta Yoselín ameinama juu ya insha ya bwana mmoja wa bandarini, mzee kumzidi baba yake, wakijadili punje moja kwa robo saa nzima. Hakumcheka hata mara moja. Mimi ningemcheka.

Kwa hiyo naichukua tena punje ya nne. Yoselín anastahili kopo. Neno hilo limeniuma, lakini naliapia mbele ya bibi yangu, na bibi yangu ana fimbo.

Seño Nubia, asante kwa miaka yote hiyo. Upumzike kwa raha, juisi ya tunda la corozo iwe baridi, na kanivali ipite mtaa wa mbali na kwako. Zimenibaki punje mbili mfukoni. Moja nilitaka kuiweka kwenye sentensi ya mwisho, nikaona haina kazi: tutakukosa.

Fomu iko juu ya mashine. Kalamu ina wino, nimeijaribu mwenyewe.