Kamba ya Mafundo Tisa

Jirani wa mshonaji anadai kwamba mpima maji alifika kisimani kwao wakati wa masika, akatumbukiza utepe mara moja, akaandika, akaondoka bila hata kuchafua viatu. Mshonaji alidhani jirani ametia chumvi, mpaka leo alipoketi kwenye basi nyuma ya mpima maji mwenyewe. Kando ya kijana huyo alikaa mama mkulima wa mboga, amepakata kamba ya kisimani.

“Karatasi yako inasema maji yatatosha miaka thelathini,” mama alisema, “na kwa karatasi hiyo kiwanda cha matofali kimeruhusiwa kuvuta maji ya kisima chetu. Ulipima mara ngapi?”

“Mara moja, mama. Lakini hata joto linaloongezeka tumelihesabu. Kiangazi tulikosa gari la kuja kupima tena.”

“Masika gari lilikuja likiogelea?” Abiria walicheka. Mama hakucheka. Alimbwagia kamba mapajani. “Hesabu mafundo! Kila kiangazi maji yanashuka, nami naunga kamba pima moja kwa fundo. Tisa! Leo naenda kununua ya kumi.”

“Mama, kamba si kipimo cha kitaalamu.”

“Usiniite mama huku unanikausha! Ndoo haijui utaalamu. Inajua kufika na kutofika.”

Mpima maji akageukia dirisha, ingawa nje hapakuwa na cha kutazama ila ukuta. Basi likasimama. Alitaka kuinuka, kamba ikamzonga miguu. Mama akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la kijana, akamshikisha.

“Kabla hujashuka, mwanangu, andika: mafundo tisa.”