Mti Alioutunza Cornelius Andati kwa Penseli

Tunayemzika leo, Cornelius Andati, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1921 hapa Butali, mtoto wa pili wa Mzee Andati na Mama Selpher. Mimi nilimtangulia.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, baba akafariki. Mwaka 1946 aliajiriwa kituo cha msitu cha Isecheno kuandika vibao, na baadaye kiwanda cha sukari kikamchukua kupaka namba kwenye matrela ya miwa. Alifunga ndoa na Phoebe Awinja mwaka 1949.

Mwaka 1975 kanisa letu lilimwomba picha ya ukutani. Alichora kwa penseli murembe wa boma letu, mti ambao watu waliuapia na hawakuukata. Chini yake aliweka mawe matatu ya wazee, walipotambikia mababu, jembe limeegemea shina, na kwa mbali msalaba juu ya paa la kanisa, mwezi ukichomoza nyuma yake. Mchungaji Lusweti alitaka mawe yafutwe. Mzee Shikanga wa ukoo wetu alitaka msalaba ufutwe. Phoebe peke yake aliuliza jembe ni la nini.

"Huyo ni mama," Cornelius akamjibu. "Aliliacha hapo akienda kusali, akalichukua akirudi."

Hakufuta kitu. Picha ikarudishwa nyumbani.

Mwaka uliofuata, kila mtu akikimbilia miwa, ukoo uliamua murembe ukatwe. Cornelius alipinga peke yake. Miwa ikapandwa hadi mlangoni. Sasa mahindi tunanunua sokoni, na vijana wetu hawana mahali pa kuapia ukweli.

Figo zilimsumbua tangu mwaka jana. Alifariki hospitalini Kakamega tarehe 3 Novemba 1983. Kabla ya hapo alimwambia mkewe, "Mnizike pale murembe uliposimama."

Hakuna aliyepakumbuka sawasawa chini ya miwa. Juzi binti yake Milcah alisimama mlangoni, baba yake alipochorea, na ile picha mkononi, akasogea mpaka shina la pichani na msalaba wenyewe wa kanisa vikakaa kama alivyochora, akatuonyesha upande. Wakataji wakafyeka miwa michanga kufuata mstari huo, tukachimba hadi jembe likagonga jiwe. Mengine mawili yalikuwa kando yake. Mchungaji na Mzee Shikanga walikuwapo. Hakuna aliyetaja kufuta.

Ameacha mjane, Phoebe, watoto Milcah, Jescah na Wanjala, wajukuu, nami kaka yake, Chrispinus.

Apumzike kwa amani mahali alipotuchorea.