Maneno Elfu Tatu ya Yamile

Waya ulinguruma kwanza, ndipo gari la waya, lile la abiria linaloning'inia angani, likachomoza kwenye ukungu wa mji wa Medellín. Yamile, muuguzi, aliingia, akaketi, akaanza kuchana kadi zake za maneno, moja baada ya nyingine.

“Binti, zimekukosea nini?” aliuliza mama mmoja mwenye kapu la arepa, mikate ya mahindi.

“Nimefeli mtihani wa Kiingereza wa wauguzi wanaotaka kazi ng'ambo, mama. Mara ya tatu, na ya nne hairuhusiwi. Nilikariri maneno magumu elfu tatu!”

“Na kichwa hakikupasuka?”

“Kwangu yalikuwa mepesi. Asili yake ni Kilatini, kama Kihispania chetu. Ni ndugu zetu waliovaa koti. Lakini mgonjwa wa kwenye kinasa sauti cha mtihani alilia kwa maneno mafupi ya jikoni, yasiyo na tone la Kilatini. Sikujua anaumwa wapi.”

“Basi ulijifunza kuongea na maaskofu, wagonjwa ukawasahau.”

Yamile alitaka kukasirika, akakosa hata nguvu hiyo. Simu ikalia. Alikuwa bintiye, aliyekwisha kufunga begi la safari ya ng'ambo tangu Jumapili. Gari likasimama, mlango ukafunguka.

“Ndiyo, Salomé,” alisema akiinuka, vipande vya kadi vikimdondoka kutoka mapajani. “Nakuahidi, mwanangu. Tutasafiri.”