Mzee Mahmud Alipomwozesha Hikma

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka jirani yangu wa Shauri Moyo, Mzee Mahmud, fundi wa masanduku ya bati. Wengi wenu mlienda shule ya bweni na sanduku lake. Alituacha Alhamisi iliyopita.

Mwaka jana, mwezi wa pili, kiharusi kilimpata akiwa kazini. Mkono ulirudi. Maneno hayakurudi. Mtu aliyekuwa akiutania mtaa mzima alibaki na neno moja tu: "Kesho." Unataka chai? Kesho. Unaumwa wapi? Kesho.

Na binti yake, Hikma, alikuwa anaolewa mwezi wa nane. Baba ndiye wa kumwozesha, kwa mdomo wake. Shehe alimwambia anaweza kumwachia ndugu yake, Kahin, na si aibu. Mzee akajipiga kifua. Yeye mwenyewe!

Basi akaja Jecinta, mtaalamu wa kuwafundisha wagonjwa kusema upya. Jumanne na Ijumaa, miezi sita, sentensi ileile. Mzee anagonga meza, anavuta neno. Siku moja ikatoka yote: "Nimekuozesha binti yangu Kadija." Kadija ni mkewe! "Nilicheka sana," Bi Kadija ananiambia, "halafu nikaingia jikoni nikalia."

Jecinta alikuwa mkali kwa jambo moja. "Mtu asimmalizie neno. Mkimmalizia, mnamnyang'anya."

Siku ikafika. Msikiti ulijaa. Mzee akamshika bwana harusi, Junaid, mkono.

"Nimekuozesha... binti yangu..."

Akakwama. Jasho likamtoka. Kidole kikawa kinagonga goti. Kahin akainama, "Kaka, nikusaidie?" Mzee akamkazia macho. Mimi nilikuwa nyuma yake, na mnanijua, mdomo ndio kazi yangu. Niliuziba kwa mkono. Niliogopa atasema Kadija. Niliogopa atasema kesho.

"Hikma," akasema. "Kwa mahari tuliyoafikiana."

"Nimekubali!" Junaid karibu apige kelele.

Hikma sasa anaishi Komarock. Juzi matangani aliniambia: "Baba alinipigia simu kila asubuhi. Anasema 'Hikma', basi, anakata. Alhamisi simu haikulia."

Bi Kadija, Hikma, Kahin, poleni sana. Mungu amrehemu mzee wetu. Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu anayetafuta neno, usimtafutie. Kaa naye, umngoje.